Ukuta wa Baridi Nyuma ya Kiti Changu

Nimeandika haya kwa ajili ya mtu anayekohoa. Simsemi yule mwenye mafua ya wiki moja. Huyo anywe tangawizi akalale. Nasema na wewe uliyepimwa kila kitu, ukapewa kila dawa, na bado ukipanda ngazi unashika ukuta, na ndugu zako wameanza kukuwekea kiti cha peke yako. Mimi nimepita huko. Elimu ya udaktari sina na sitajifanya ninayo. Ninachoweza ni kukusimulia jinsi ilivyokuwa, na ilikuwa kinyaa mwanzo hadi mwisho.

Kwanza ujue mimi ni mtu wa namna gani. Mimi ni mwepesi wa kinyaa tangu utotoni. Nikikuta unywele kwenye chapati, siku hiyo silali na chakula tumboni. Nikiona mtu anatema mate barabarani, namtazama mpaka aone haya. Mume wangu, Baba Zaina, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akinitania kwamba siku nikifa nitaamka kuwakosoa wanaoniosha. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye Mungu alimpa kikohozi cha makohozi ya kijani.

Nilikuwa katibu muhtasi katika jengo moja pale Dodoma mjini. Zamani lilikuwa la shirika la umma. Shirika lilipokufa, kama yalivyokufa mengi miaka ile, jengo likanunuliwa na kampuni binafsi ya bima. Wenzetu wengi walipunguzwa kazi. Tuliobaki kutoka zamani tulikuwa wachache, na kati yetu alikuwamo Mzee Ndahani, mhudumu wa ofisi, Mgogo mpole aliyefagia jengo lile tangu lilipokuwa na harufu ya rangi mpya. Wenye mali walileta kompyuta, zulia la kijivu na viyoyozi. Madirisha wakayapigilia misumari yasifunguke tena, maana vumbi la Dodoma miezi ya upepo linaingia hata katikati ya meno, sembuse kwenye kompyuta. Mimi nilijiona nimefika. Nilikwenda kazini na sweta mkononi jua la Oktoba likiwaka, na nilikuwa nafurahi sana mtu akiniuliza sweta la nini.

Mvua za kwanza ziliponyesha, nikaanza kukohoa. Nikasema ni mabadiliko ya hewa. Kila mtu husema hivyo. Kisha zikaja homa za jioni: natoka ofisini mzima, nikifika nyumbani Area D meno yanagongana, mifupa inauma, natetemeka chini ya blanketi mbili huku majirani wamekaa nje na kanga kifuani kwa joto. Nikatibiwa malaria. Nikatibiwa malaria tena kwa dawa kali zaidi. Nikatibiwa homa ya matumbo. Uwele mashambani ukawa umefika kiunoni, na mimi kiuno changu kikawa kinapotea. Sketi za kazini nilizibana kwa pini.

Makohozi sasa. Najua hutaki kuyasikia, hata mimi sitaki kuyaandika, lakini ukiwa mgonjwa wa kifua maisha yako yote yanakuwa ni hayo. Asubuhi yalikuja mazito, yananing'inia, yana ladha ya chuma na kitu kilichooza. Nilitembea na kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, ndani nimeweka jivu. Nilikuwa nalifunika kwa kitambaa cha kushona kwa mkono, eti lisijulikane. Mwanangu Zaina, aliyekuwa na miaka mitatu na ushee, alilijua vizuri. Nikianza kukohoa tu analikimbilia na kuniletea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayemletea mgeni maji ya kunawa. Moyo uliniuma kila alipofanya hivyo.

Eksirei ikaonyesha uchafu kwenye mapafu. Makohozi yalipimwa mara kadhaa na hayakuonekana na mdudu yeyote, lakini picha ilikuwa mbaya, kwa hiyo nikaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Simlaumu aliyenianzishia. Kwa kikohozi kile na homa zile, na jinsi nilivyokonda, hata wewe ungesema hivyohivyo.

Sitasahau benchi la wagonjwa wa kifua. Lilikuwa nje, chini ya kibanda cha bati, mbali na wengine. Kila asubuhi tulikwenda kumeza vidonge mbele ya muuguzi. Tulikaa tumebanana tusiotakiwa kubanana na watu. Na tulizungumza nini? Makohozi. Mzee mmoja aliyekuwa mchimba kokoto alikuwa akifungua kikopo chake na kukilaza kidogo ili tuone. "Leo yamekuwa meupe," anasema, na sura yake inang'aa. Wenzake wanainama kuangalia, wanampongeza. Mimi nageuza shingo. Kisha siku moja nikajikuta na mimi nachungulia changu na kusema, "Yangu bado." Nilipogundua nilichosema nililia njia nzima mpaka nyumbani. Dawa zile ziligeuza mkojo wangu ukawa rangi ya chungwa, na kila nilipokwenda chooni niliona kama ninayeoza ni mimi mwenyewe.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Maneno yakaanza mtaani. Ukonde vile, ukohoe vile, miaka ile, watu walikuwa na jina moja tu la ugonjwa wako, ingawa hawakulitaja. Walisema "ule ugonjwa wetu" au walinyanyua kidole kimoja na kunyamaza. Baba Zaina alikaa na maneno hayo mwezi mzima, halafu jioni moja akasema bila kunitazama, "Twende tukapime wote wawili." Tukaenda. Siku ya majibu tulikaa kwenye kochi la hospitali, yeye mwisho huu na mimi mwisho ule, nafasi ya mtu mzima katikati yetu. Tulikuwa salama wote. Yeye alilia. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira. Nilijua kwamba kwa mwezi mzima alikuwa ameshanihukumu kimoyomoyo, na alikuwa anakula ugali wangu.

Ila majibu yale hayakumrudisha chumbani. Aliendelea kulala sebuleni, eti kikohozi changu kinamkosesha usingizi na ana vipindi asubuhi. Mama yake akaja kutoka Busi, kule Kondoa. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Aliniangalia siku ile moja, kesho yake akachukua kikombe changu na sahani yangu akavitia alama kwa rangi ya kucha, nyekundu, ili mtu asikosee. Ilikuwa rangi yangu mwenyewe ya kucha. Siku ya tatu akamfunga Zaina mgongoni.

"Mama Zaina," akaniambia, "mimi sikuchukii. Huyu ni damu yetu. Ukipona utamchukua."

"Nitapona lini, mama?"

"Kikohozi kikiisha. Mtoto harudi kwenye nyumba yenye kikohozi."

Nilimwangalia mume wangu aseme neno. Alikuwa anafunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe vilikuwa vimeshafungwa. Zaina alidhani wanakwenda dukani akanipungia mkono. Tangu siku ile mimi sikutaka tena kupona ili niishi. Nilitaka kikohozi kiishe ili nimpate mwanangu. Nilikuwa nabana kifua mpaka mishipa ya shingo inasimama, nisikohoe mbele za watu, na nikishindwa nakwenda kukohoa chooni na maji yamefunguliwa.

Katika siku hizo nilikuwa na faraja moja, jirani yangu Mama Neema. Alikuwa mwanakwaya, mnene, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Alikuja na bakuli la mlenda, anakaa kitandani pangu paja kwa paja, anakula nami kutoka bakuli moja. Nilimwambia asogee. Akasema, "Nisogee niende wapi na mwili huu?" Kisha akabeba lile kopo langu la makohozi, akalitupa na kuliosha kwa maji ya moto, akarudi kumalizia hadithi aliyokuwa anaisimulia. Kama una mtu wa namna hiyo, usimwache aondoke kwako bila kumwambia asante. Mimi nilichelewa kumwambia.

Miezi ya upepo nilipewa likizo ndefu ya ugonjwa nikaenda Busi. Nilitengewa kibanda pembeni, na Zaina alikuwa ananisalimia kutoka kwenye kizingiti cha nyumba kubwa, ameshikwa mkono. Vumbi kule lilikuwa linazunguka uani tangu asubuhi, moshi wa kuni ulikuwa machoni, na mimi nilijiandaa kufa. Badala yake nikaanza kupata nafuu. Homa zilikata. Nikapanda mlima mdogo wa nyuma ya nyumba kwenda kisimani bila kusimama njiani. Mama mkwe alikuwa ananipa mizizi chungu ya kuchemsha, na akaona fahari kubwa. Nikamwomba nimrudishe Zaina mjini.

"Umepoa," alisema. "Hujapona."

Na hakukosea. Nilirudi kazini siku ya Jumatatu, na jioni ile ile blanketi mbili hazikunitosha.

Ndipo Mama Neema aliponiburuta mpaka Mvumi, kwenye hospitali ya misheni. Tulikaa kwenye ukumbi wa kusubiri kuanzia umande mpaka jua la kichwa, kati ya watu wa vijijini waliofungiwa macho kwa bendeji na akina mama wenye watoto wa surua. Daktari aliyeniona alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kuchoka. Aliangalia picha zangu zote dirishani, moja moja. Nilimsimulia yote, hadi likizo ya Busi. Hakuniuliza kuhusu mdudu wala kuhusu mume.

"Busi ulikuwa unakohoa?"

"Kidogo sana."

"Ukirudi mjini?"

"Siku ile ile."

"Nyumbani au kazini?"

Nikamwambia ofisi yetu ni safi kuliko nyumba yoyote ya Dodoma. Kuna zulia. Hakuna vumbi hata la kupigia kidole. Alisikiliza, akasema, "Mapafu yako yanakasirikia kitu. Sijui ni kitu gani. Kitafute huko unakoshinda." Nilitoka nimenuna. Yaani nimesafiri kuja kusikia kwamba ofisi yangu, mahali pekee nilipokuwa bado najiona mtu, ndipo pananiua? Nilimwambia Mama Neema yule daktari hajui kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini ukimwambia mwenye nguo atakutukana.

Basi kiangazi kikakolea, na umeme wa ofisi ukaanza kukatika. Swichi kubwa ilikuwa inajizima yenyewe kila kiyoyozi cha upande wetu kikiwaka. Mafundi wa mjini walihangaika wakashindwa. Meneja akamwita injinia kutoka Dar es Salaam, kijana wa Kichaga aliyeitwa Elibariki, suruali imenyooshwa, mkoba wa plastiki mgumu mkononi. Nilikuwa mezani kwangu nimejifunika sweta, nakohoa kwa kubana pumzi, alipoingia na kutoa kifaa kinene chenye kioo kidogo nyuma.

"Shikamoo mama. Usisimame, wewe endelea tu na kazi. Nakagua nyaya."

"Marahaba. Hicho ni nini, kamera ya video?"

"Ni ndugu yake. Ila hii haioni rangi, inaona joto na baridi. Waya ukiwa unaungua ndani ya ukuta, huku unaonekana mweupe."

Akawa anaizungusha taratibu, dari, swichi, taa. Ilipofika kwangu akasimama. Akarudi nyuma hatua. Akasogea tena. Nilidhani ananitazama mimi nikajiweka sawa kitambaa cha kichwa.

"Mama, nyuma ya kiti chako kuna nini?"

"Ukuta."

"Nyuma ya ukuta?"

"Nje. Wanakoegesha magari."

Akatazama saa yake. Lilikuwa jua la mchana, jua la Dodoma, lile linalochubua rangi ya magari. "Basi ukuta huu ungekuwa wa moto," alisema. "Njoo uone."

Nikatazama kwenye kile kioo. Kuta nyingine zote zilikuwa za njano na machungwa. Nyuma ya kiti changu, kutoka zuliani mpaka juu ya kichwa cha mtu aliyekaa, kulikuwa na doa kubwa la samawati iliyokolea, pembeni limechanikachanika. Na kutoka kwenye kona za ukuta ilitoka michirizi ya samawati hiyohiyo, ikilala juu ya zulia kuelekea miguu ya kiti. Elibariki akaniomba nirudi kukaa, akageuza kioo nijione. Nilimwona mwanamke wa rangi nyekundu na njano, anawaka uso mzima kwa homa, amegeuzia mgongo ile samawati. Nikainua mkono, naye akainua. Kwa macho ya kawaida ukuta ule ulikuwa mweupe na nadhifu, nimetundika kalenda.

"Huu ni ugonjwa?" nikamuuliza. Sijui kwa nini nilitumia neno lile.

"Mashine haioni ugonjwa, mama. Wala uchafu haioni. Inaona baridi tu. Lakini ukuta wa kiangazi hauwezi kuwa baridi namna hii kama haujalowa. Na hii michirizi ni hewa, inatoka nyuma huko inaingia humu." Akagonga kwa kifundo cha kidole. Haukulia kama tofali. Ulilia kama boksi. "Hii ni hadibodi imepakwa rangi," alisema.

Meneja alikuwa ameshafika mlangoni. "Wewe si umeletwa kwa ajili ya nyaya?"

"Maji na nyaya haviishi nyumba moja, bosi. Swichi yako inajizima kwa sababu hiyo. Pabomolewe."

Mzee Ndahani akaitwa na mtaimbo. Hakuhitaji nguvu. Alisukuma tu, ncha ikazama kama kwenye ugali wa jana, na kipande kizima kikaanguka kwa ndani bila kelele.

Harufu ilitoka kwanza. Nimeishi na harufu ya makohozi yangu mwaka mzima, lakini ile ilinishinda. Ilikuwa harufu ya mnyama mfu na viazi vilivyooza, na ilikuwa baridi, ilikuja imepoa. Mtu wa hesabu aliyekuwa anachungulia mlangoni alikimbia kutapika. Mle ndani kulikuwa na kibaraza kidogo cha zamani kilichojengewa ukuta upande wa nje, na katikati ya kibaraza lilisimama pipa. Lilikuwa limejaa mpaka mdomoni na kufurika. Mpira mwembamba wa kiyoyozi ulikuwa unaingia juu yake, tone, tone, tone. Juu ya maji kulikuwa na utando mzito wa kijani na mweupe, na ndani ya utando mijusi kafiri waliovimba, mende, na popo mmoja mabawa yamefunguka. Sakafu yote ilikuwa ute mweusi. Na nyuma ya hadibodi yangu, ule upande ambao mgongo wangu uliuegemea kila siku, kulikuwa na manyoya: ukungu wa kijivu na mweusi, mrefu, unaotikiswa na upepo wa kiyoyozi. Kila ulipotikisika lilitoka vumbi jembamba sana. Lile ndilo nililokuwa navuta.

Nikatapika kwenye ndoo ya takataka, mbele ya meneja, na sikuomba radhi.

Mzee Ndahani alishika ukingo wa pipa. "Hili pipa langu," alisema polepole. "Mungu wangu, hili pipa langu."

Na wote tuliotoka shirika la zamani tukakumbuka. Viyoyozi vilipofungwa mara ya kwanza, mpira ulikuwa unadondoshea maji nje, na Mzee Ndahani hakuweza kuvumilia. Huyu ni mtu aliyekulia Ugogo, aliyechimba mchanga wa korongo akiwa mtoto kupata debe moja. Alitafuta pipa akaliweka kibarazani chini ya mpira. Sote tulimsifu. Tulideki kwa maji yale, tulimwagilia maua, na mimi, mwepesi wa kinyaa, nilisuuzia vikombe vya chai. Mafundi wa ukarabati walipokuja kuziba kibaraza, pipa lilikuwa limejaa. Wakataka kulimwaga. Mzee akawasihi: nani anamwaga pipa zima la maji mwezi wa Oktoba? Niacheni niyatumie kwanza. Na mafundi nao walikuwa watu wa hapahapa, hata wao mikono ilikuwa mizito kumwaga maji. Wakaliacha. Wiki ile Mzee akafiwa kijijini, akaenda matangani. Fundi wa nje akajenga ukuta wake akijua wa ndani atalitoa pipa, na wa ndani akapiga hadibodi yake akijua wa nje ameshalitoa. Mzee aliporudi alikuta kazi imekwisha na rangi imepakwa, akadhani wamelichukua, akasikitika kimyakimya.

Alikuja kuniomba msamaha, kofia mkononi. Nilimwambia ukweli, kwamba hata mimi nisingeyamwaga. Sikuwa na kinyongo naye, na sina mpaka leo. Kinyaa changu chote kilimwendea meneja, ambaye baada ya kufunga pua kwa leso alisema, "Pulizieni dawa ya mbu, pigeni hadibodi mpya kabla ya Jumatatu. Wateja wasione."

Nilikuwa mwoga sana wa kupunguzwa kazi. Nilikaa kwenye jengo lile kwa woga huo tu. Lakini nilikuwa nimeshaona kwenye kioo mahali nilipokuwa nimekalishwa, na mtu akishaona hivyo woga unamwisha.

"Fungeni," nikasema. "Ila mimi humu sikai tena. Nipeni meza kule masijala."

"Masijala hakuna kiyoyozi. Na dirisha halifungi, kuna vumbi."

"Vumbi nalijua, bosi. Ni la kwetu."

Elibariki naye alimwambia kwamba akiziba bila kukausha, moto utaanzia humo na hata kampuni ya bima haina wa kuilipa. Hilo alilielewa haraka. Kibaraza kilibomolewa, zulia likang'olewa likiwa linachuruzika, likachomwa moto nyuma ya jengo, na moshi wake mweusi uliwatoa majirani ndani. Mimi nilihamia masijala, kati ya mafaili ya wafu, dirisha wazi, meza nyeupe kwa vumbi kila nikirudi kutoka kunywa chai. Homa za jioni ziliisha kabla mvua hazijaanza.

Sasa wewe unayekohoa, nikuambie jambo ambalo mimi sikuambiwa. Kukitoa kinachokudhuru si mwisho. Mapafu yangu yalikuwa yamekwishapata makovu. Daktari wa Mvumi alinisikiliza habari yote ya pipa, akafunga macho kidogo kwa kinyaa, na nikampenda kwa hilo. Alinipa vidonge vidogo vyeupe vya kutuliza mapafu. Pumzi ilirudi. Lakini vidonge vile vilinivimbisha uso ukawa duara, macho yakazama, nyuma ya shingo pakaota nundu ya nyama, na ndevu zikaota kidevuni. Mimi, niliyekuwa nachukia unywele kwenye chapati! Nilifunika kioo cha chumbani kwa kanga. Baba Zaina alirudi kulala chumbani wakati huo, na nadhani alifanya hivyo kwa kuona haya zaidi ya mapenzi, lakini nilimsogezea mto. Tumezeeka kidogo, hatujaachana.

"Kikohozi kidogo utabaki nacho," daktari aliniambia. "Pengine siku zote."

Sentensi ile ndiyo iliyoniangusha kuliko yote. Kwa mama mkwe sharti lilikuwa moja tu. Nilimtuma mume wangu Busi akamweleze habari ya pipa na ukuta. Alikaa kule siku kadhaa. Mama yake alitaka kuelezwa mara nyingi, na mwishowe akasema atamleta Zaina mwenyewe, aje aone kwa macho yake, na kama haridhiki atarudi naye.

Walifika wakati wa mavuno ya uwele. Nilikuwa nimefagia uwanja, nimevaa gauni kubwa la kuficha mwili, nimekunywa asali na tangawizi tangu alfajiri ili kifua kitulie. Nilikuwa nimeapa sitakohoa. Zaina aliteremka kwenye pikapu akiwa mrefu kuliko nilivyomwacha, nywele zimesukwa kwa mtindo wa Warangi. Nilipiga magoti nikafungua mikono. Alinitazama uso ule wa duara, kama wa mtu mwingine, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo."

Alinisalimia kama anavyosalimia jirani. Kisha akamgeukia bibi yake akamvuta kanga. "Bibi, mama yuko wapi?"

Nilitaka kusema ni mimi, nikavuta pumzi ya kusema, na hapo kikanikaba. Nilikibana mpaka machozi yakanitoka. Halafu kikanishinda, nikakohoa, kile kikohozi changu kirefu chenye mluzi mwishoni, mikono chini kwenye vumbi. Niliposikia miguu ya mama mkwe inarudi nyuma, nilijua nimempoteza mtoto.

Mtu akanishika mabega. Vidole vilikuwa vidogo.

"Ndiyo huyu," Zaina alikuwa anawaambia, kwa sauti, kama mtu anayewashangaa watu wazima. "Bibi, si huyu mama? Msikilizeni."

Akajisogeza akakaa mapajani pangu, akaegemeza kichwa kifuani akisubiri kikohozi kipite. Mama mkwe akaenda kwenye pikapu kushusha mfuko wa nguo za mtoto.